Moshi Haikaushi Kifua ya Mutoto

Jumatatu, tarehe 2 mwezi wa sita

Solange, mujukuu yangu, mutoto bila haya. Nani alikufundisha kumwaga maji juu ya moto ya mutu bila kumuambia? Samaki ya ngolo kumi na mbili juu ya kichanja, na kapiteni moja mukubwa, zote zimekauka nusu, na wewe unakuja na ndoo kama nyumba inaungua. Kisha unapanda toleka, baiskeli ya kubeba watu, na unaenda kazi yako mujini Makiso. Naandika hapa, sababu ulikimbia mbele nimalize kukugombeza.

Nimewasha tena. Kuni zimelowa, moshi imekuwa mara mbili. Vizuri. Hiyo ndiyo umepata.

Mimi ni mukausha samaki. Mama yangu alikausha hapa hapa pa maporomoko, mama yake pia. Wanaume wanafunga mitego juu ya miti mikubwa ndani ya maji, sisi tunapokea samaki na moto. Samaki yangu inashuka mpaka Isangi na haiozi. Watoto yangu sita walikaa mugongoni mwangu ndani ya hii moshi. Wanne wako hai, wana nguvu. Wawili Mungu aliwachukua wadogo, kwa ugonjwa wa kifua. Kifua si moshi.

Moshi inazuia samaki kuoza. Donc, basi, itazuia kifua ya mutoto kuoza. Hata mutu wa darasa la tatu kama mimi anaelewa. Mama Régine, jirani, alipopata mujukuu yake Aimée, mimi ndiye nilimuonyesha: mufunge mugongoni, ingia naye, atakomaa. Alinishukuru mbele ya watu.

Furaha, mutoto yako, anakohoa kidogo. Ana miezi ine. Watoto wanakohoa.

Jumanne, tarehe 3

Solange ameomba musamaha na mudomo tu. Alileta mikate ya mafuta. Nimekula. Sijasamehe.

Ni mujukuu yangu, nilimulea mwenyewe. Sasa anafanya kazi kwa labo, maabara ya université, anaangalia mikrobe, vidudu vya kifua. Mwanaume wake iko Masako ndani ya pori, wanapima miti. Mutoto yao Furaha anabaki na mimi kutoka asubuhi mpaka mama yake arudi. Ni kazi yangu na naijua.

Jioni alichora koo ndani ya hii kitabu, ukurasa wa mwisho. Ati ndani ya koo kuna ngozi, juu ya ngozi kuna nywele, nywele zinafagia uchafu kwenda juu, hazipumziki. Ati mikrobe nayo iko na nyuzi zake na mikono yake. Inatafuta nafasi kwa ngozi, inashika. Ikishashika, mate haiitoi, kukohoa haiitoi. Inazaa pale pale.

Nimemuambia: nimepasua koo za samaki, za mbuzi, za nguruwe, mbele mama yako azaliwe. Nywele sijaona. Ati ni ndogo sana. Hawa watu wa labo, kila kitu wanataka uamini, ni ndogo sana.

Jina ya mikrobe alinipa. Refu kama jina ya mufalme. Nimesahau makusudi.

Alhamisi, tarehe 5

Nimeenda labo. Si kwa kumutii Solange, aliyeniita. Nimeenda aone kwamba siogopi mashine.

Nilivaa kikwembe ya kanisa. Mutu wa toleka alitaka kutupitisha ndani ya kila shimo ya Makiso, na Furaha mugongoni. Nilimufinya mbavu mpaka akaendesha kama mukristo. Pale labo, Furaha hakuingia. Mwenzake wa kazi wa Solange alibaki naye kwa baraza. Ati ndani si pahali ya mutoto. Kumbe wanajua kukataza pahali kwa mutoto.

Solange alikuwa na koo ya mbuzi kutoka kwa muchinjaji, ya asubuhi, bado na joto yake. Alikata kipande kama ukucha, aliweka chini ya mashine ya kukuza vitu. Ananiita Koko, ni kusema bibi. Koko, funga jicho moja. Nikafunga. Kwanza niliona kope zangu tu.

Kisha nikaona.

Pembeni ya ile kipande kuna nywele. Mingi. Zinapiga pamoja, kama majani ya chini ya maji pale mto unapita juu ya mawe. Kadoa ka uchafu kalikuwa juu yake. Zikakasukuma, zikakasukuma, kakaenda. Nilikaa pale mpaka shingo iliuma. Naandika ukweli: ni kitu ya kupendeza.

Kisha ile mutoto bila haya akatoa chupa. Maji ya rangi ya chai. Nilinusa, nikaijua mara moja. Moshi yangu. Siku ya Mungu, mimi kanisani, yeye aliingia kwa kichanja yangu, akapitisha moshi ndani ya maji. Ameiba moshi ya mutu mukubwa ndani ya chupa. Alitia tone moja. Nywele zikachoka. Zikasimama. Uchafu ukabaki pale pale.

Akaleta vioo viwili. Juu yake ngozi ya koo ya mutu, ile wanafuga pale labo kama mutu anafuga kuku. Walitia mikrobe, wakapaka rangi ionekane: nukta ndogo, mbili mbili, kama macho. Kioo ya kwanza ilioshwa mara tatu, nukta chache zilibaki. Ya pili, ngozi ilikunywa kwanza moshi yangu. Ilioshwa mara tatu pia. Nukta zilijaa kila pahali, hazikutoka.

"Unaona, Koko?"

"Naona mbuzi."

"Hii ngozi ni ya mutu."

"Haina kichwa, haina jina. Si mutu. Niitie toleka."

Njiani nilifikiria kasamaki kamoja. Kwetu pa maporomoko iko, ya midomo mipana, tumbo ya kulala. Inabandika mudomo juu ya jiwe pale maji ina nguvu kabisa. Maji inabeba miti mizima, yenyewe haiibebi. Maji ikisukuma zaidi, inashika zaidi. Ukivuta na mukono, mudomo itapasuka mbele iachie. Solange aliponiambia nyuzi na mikono, ni ile samaki niliona.

Niliacha kufikiria. Samaki ilikuwa inaningoja.

Jumamosi, tarehe 7

Solange ameenda Masako tangu alfajiri kumupelekea mwanaume nguo. Atarudi jioni. Aliacha maziwa yake ndani ya kikombe.

Furaha ana joto. Hakumaliza maziwa. Ni meno inakuja. Nimemupaka mafuta ya mise, ya kokwa za mawese, kifuani, nimemufunga mugongoni, nimeingia kwa moshi. Samaki ikilowa unaileta karibu ya moto, na kifua hivyo hivyo. Mama Régine alipita na Aimée yake mugongoni, wote wawili wanakohoa. Akasema, "Mulete karibu zaidi, Koko, kama ulinifundisha." Nimemuleta karibu zaidi.

Jumapili, tarehe 8

Niko hospitali. Kiti ni ya mbao, mugongo yangu imekufa. Furaha amelala. Anapumua.

Jana, nilipoweka hii kitabu chini, nilimufungua nimupe maziwa tena. Alikataa. Hakulia. Nikainua nguo. Chini ya mbavu ngozi ilikuwa inaingia ndani, inaingia ndani, mbio mbio. Pua inafunguka. Mimi nimeangalia samaki ndani ya mutumbwi siku nyingi kuliko nimeangalia uso yangu kwa kioo. Samaki ikitoka ndani ya maji inafanya vile vile. Haipigi kelele. Inafungua pembeni ya kichwa, inafunga, inafungua. Mimi najua inabaki na muda gani. Hakuna mutu wa labo anajua kuliko mimi.

Nilitoka mbio. Régine alianza tena habari ya moshi. Nilimuambia anyamaze. Nilisimama katikati ya barabara mbele ya pikipiki. Ilikuwa na mwanaume nyuma na mufuko ya muchele. Nikamuambia ashuke. Alianza kunitukana, kisha akaona mutoto, akashuka, akanisaidia kupanda. Mufuko yake ilibaki ndani ya matope. Sijui jina yake. Mungu anajua.

Mama muuguzi hakungoja salamu. Alihesabu pumzi na saa ya mukono. Waliweka mupira wa hewa puani. Sindano. Sindano ingine. Ni kifua, ile yenyewe Solange anaangalia labo, wamesema. Kisha akauliza.

"Nani anakaa na mutoto mchana?"

"Mimi."

"Unapika na kuni?"

"Nakausha samaki."

"Na yeye iko wapi?"

"Mugongoni. Ndani ya moshi. Kila siku."

Aliandika. Hakunigombeza. Mimi nagombeza watu kwa sahani isiyooshwa.

Solange alifika na vumbi ya Masako mpaka kwa nyusi. Nilikuwa tayari. Chupa, mbuzi, vioo, nilingoja avimwage vyote. Alishika mukono yangu, akasema asante kumuleta mbio, Koko. Afadhali angenitukana.

Naandika hii mara moja, sitaandika tena. Wangu wawili ni Antoine na Béa. Antoine alikuwa na miezi saba. Béa alianza kusimama. Wote kifua. Wote mugongoni, kwa ile kichanja. Sijui kama ni moshi. Hakuna mutu wa kuniambia sasa. Lakini Jumatatu niliandika kwamba kifua si moshi, na mukono ulioandika ni huu. Niliandika uongo nikifikiri ni akili.

Basi.

Jumanne, tarehe 10

Amenyonya. Pande zote mbili, kwa nguvu, mpaka mama yake akakunja uso. Joto imeshuka. Mbavu zimetulia. Mupira wa hewa wameutoa.

Nimemuuliza Solange maneno, na safari hii nilingoja majibu. Dawa inaua mikrobe, bon, nimeelewa. Na maziwa, kwa nini mama muuguzi anasema kila saa anyonye, anyonye? Ati ndani ya maziwa ya mama kuna sukari fulani inayofanana na ile pahali mikrobe inashika kwa koo. Mikrobe inadanganyika, inashika sukari, inamezwa nayo, koo inabaki huru.

Nimemuambia hiyo najua. Babu yako alikuwa anafunga matawi mbele ya mutego. Majani ya mto na takataka inashika pale kwa matawi, mutego unabaki safi.  Solange akasema atawaambia wenzake vile vile. Awaambie. Aseme ni nani amesema.

Na fumbo ya ile kasamaki nimeimaliza. Nimeifikiria siku tatu juu ya hii kiti. Watoto wajinga wanaivuta. Mutu mwenye akili haivuti. Hata kukohoa ni kuvuta tu, inaumiza mutoto na yenyewe inabaki. Kazi ni mbele ishike: isipate jiwe ya kushika. Zile nywele zipige, koo ijioshe yenyewe, mikrobe ipite kama takataka. Na mimi, kila asubuhi, nilikuwa nalaza zile nywele na mukono yangu, halafu nashangaa kikohozi.

Sasa najua. Kitu nikishajua, sifanyi nusu.

Ijumaa, tarehe 13

Tumerudi nyumbani. Furaha amekuwa mwepesi lakini amemutukana mutu wa pikipiki njia yote kwa lugha yake. Ni wa kwetu.

Mbele nikae, mbele ninywe maji, nilienda kwa kichanja. Ile mama yangu alifunga, nami nimebadilisha miti yake mara sijui ngapi. Ilikuwa inagusana na ukuta wa chumba. Moshi ilikuwa inaingia hata mutoto akiwa kitandani, na mimi sikuwahi kuwaza hiyo. Nimeibomoa na panga. Nguzo ya mwisho ilikataa. Nayo pia ilishika. Nikachimba chini yake, ikalala.

Mama Régine alisimama na Aimée mugongoni.

"Koko, utakula nini sasa? Karatasi ya labo?"

"Nitakula samaki. Yangu, si yako inayonuka."

"Mujukuu amekufanya muzungu."

"Mujukuu amenifunza. Wewe hakuna mutu anaweza."

Alicheka mpaka akakohoa. Aimée alikohoa pia, nyuma yake. Kikohozi ile ya kavu, ya kurudia. Régine alienda kuwasha moto yake. Mimi nilibaki na panga.

Jumatano, tarehe 18

Nimejenga. Chini, karibu ya mawe, pale upepo wa mto unabeba moshi kwenda majini na haurudi kwa nyumba. Nimechukua pipa ya chuma, nimezungusha udongo, nimeacha mulango ndogo pa chini kwa kuingiza kuni, na pahali ya moshi kutoka pa juu. Samaki inaingia ndani, moshi inafungwa na samaki, mimi nabaki nje kwa upepo. Ngolo za kwanza zimetoka nyekundu, ngumu, harufu ya kweli. Kuni zimepungua nusu. Nilikuwa nachoma pori bure miaka yote na hakuna mutu aliniambia. Kama aliniambia, sikusikia.

Sheria nimeweka, na Solange ameiandika kwa mulango na makaa, sababu maandishi yake ni mazuri: anayeshika moto hashiki Furaha, anayeshika Furaha hashiki moto. Asubuhi niko na mutoto. Mchana, Solange akirudi, naenda kwa pipa. Nikipanda nyumbani naoga, nabadilisha kikwembe, ndiyo nagusa mutoto. Solange alisema kuoga si lazima kila mara. Nilimuambia sheria ni yangu, anyamaze.

Kazi imechelewa, ndiyo. Wateja walinung'unika siku mbili. Siku ya tatu walionja.

Jumapili, tarehe 22

Sikwenda kanisani. Mvua tangu asubuhi. Furaha mugongoni, nguo safi, hakuna moto ndani ya nyumba. Tumekula lituma, ndizi ya kutwanga, ya jana na samaki. Solange amekaa kwa mulango, ameshona kifungo ya shati ya mwanaume wake.

Nimesikiliza pumzi yake kwa mugongo yangu. Mugongo unasikia kuliko sikio, mutu yeyote aliyebeba watoto anajua. Hakuna mukwaruzo. Inaingia, inatoka, kama maji ikipita juu ya muchanga. Nilikaa vile, sikuosha hata sahani.

Nje, kwa Régine, moto inawaka chini ya paa. Nimesikia Aimée. Alikohoa, akapumzika, akakohoa. Nilihesabu mpaka nikaacha. Régine si mubaya. Anafanya vile alifundishwa, na mwalimu ni mimi. Nilimufundisha mbele ya watu, alinishukuru mbele ya watu. Donc na hii nitaisema mbele ya watu.

Solange amesema polepole, Koko, hatakusikia. Atasikia. Mimi mwenyewe nilisikia mbuzi.

Najiandikia mwenyewe: kesho asubuhi, Koko, kabla Régine hajawasha, enda kwake. Usimuombe. Mufungulie Aimée mugongoni na mikono yako, inua nguo, mufundishe kuangalia chini ya mbavu. Muambie ulikosea, mbele ya watu. Kisha muchukue Régine na toleka mpaka labo kule Makiso, na njiani pita kwa muchinjaji, nunua koo ya mbuzi.